Uliyeniuliza watu wanajaaje uwanjani

"Kaka, magari ya mashindano ninayo, kiwanja ninacho. Watu nitawatoa wapi?"

Ujumbe huu umenikuta Jumapili, mgongo ukiuma kwa kukunja viti. Maana Jumamosi nilijaza, mdogo wangu. Kiwanja kidogo cha vumbi, vigari vya watoto wakubwa, lakini watu walikalia hadi bodi za pikapu zao.

Ungeniona 2017 usingeniandikia. Nilitafuta madereva wazuri, nikalipia mabango, nikasubiri. Wakaja watu arobaini na mvua. Mwenzangu niliyemkabidhi pesa za mlangoni aliondoka nazo kabla mbio hazijaisha. Mpaka leo tukikutana msibani naangalia pembeni. Mke wangu alisema niache. Sikuacha, na waliocheka sasa wananiomba kuingia bure.

Naishi Concord, North Carolina, Marekani, jirani na Charlotte Motor Speedway, uwanja wa mbio za magari. Nilipofika 2004 kazi yangu ilikuwa kuokota makopo majukwaani. Rais wa uwanja alikuwa Humpy Wheeler. Jina hilo, yaani Mwenye Nundu, alilirithi kwa baba yake, aliyepewa utani huo kwa kuvuta sigara za Camel, yaani Ngamia. Bwana huyu, mcheza ndondi wa zamani, aliuongoza uwanja kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi 2008. Kabla ya mbio watu walishushiwa helikopta na askari wa vita vya kuigiza. Basi la shule lilirushwa juu ya magari. Nilikuwa nadhani ni wazimu, mpaka nilipoanza kuhesabu makopo.

Mwaka 1976 dereva mwanamke, Janet Guthrie, alikosa nafasi ya kukimbia mbio za magari za Indianapolis. Wheeler hakungoja amalize kulia, akamleta Charlotte kwenye World 600, mbio za maili 600. Dada akamaliza wa 15, na watu wakapata la kusimulia. Mwaka 1992 Wheeler akawasha taa kuzunguka uwanja wa maili moja na nusu, kwa vioo vya kuakisi ili nguzo zisizibe macho ya watu, mbio zikapigwa usiku. Alifariki Agosti 2025, nami nilikaa garini nje ya geti nikiwa kimya.

Sasa sikia. Wewe unaanza na magari. Acha! Anza na yule baba aliyekuja na watoto watatu: watakaa wapi, watakula nini, watacheka saa ngapi? Vijana wetu tunapenda kuonekana na kipaza sauti, hatupendi kujua choo kiko wapi. Jumamosi niliweka mashindano ya kuvuta kamba, wapishi wa mishikaki dhidi ya mafundi, kabla injini hata moja haijawaka. Anza na watu. Nasema tena, watu.

Bei za kukodi jenereta nitakutumia. Kwanza niandikie ni nani atakayeshika pesa mlangoni. Ukiniambia ni rafiki yako, sijibu.