Miaka Mitatu ya Fangasi Isiyokuwapo

Miaka mitatu nilitibiwa fangasi ya sehemu za siri bila mtu hata mmoja kuniangalia. Nawaandikia akina mama wa rika langu, tulioagana na hedhi zamani, tunaowashwa na kunyamaza.

Mwasho wangu ulikuwa wa usiku. Mchana najisahau, taa ikizimwa najikuna mpaka asubuhi shuka ina damu. Pale duka la dawa jirani, hapa Kisumu, nanong'ona neno moja, napewa krimu, naondoka kabla mteja mwingine hajaingia. Nyumbani naongeza sabuni ya dawa. Kumbe ndiyo ilikuwa ikinichoma zaidi.

Siku moja daktari wa wanawake akaniambia, "Mama, panda kitandani nione." Dakika tano tu. Kisha akanishikia kioo cha mkono: ngozi nyeupe, yenye vikunjo kama karatasi ya sigara, na midomo midogo ya uke imenywea karibu iishe. Laikeni sklerosasi, ugonjwa wa ngozi, akasema. Haiambukizi, na si ya zinaa. (Mzee wangu nilimpigia simu nikiwa bado kwenye ngazi.)

Alinipima sukari pia, maana fangasi inayorudi-rudi kwa mama wa umri wetu huenda ina kisukari nyuma yake. Kinyama cha kupima hakukata. Angekata, alisema, kama angeona kidonda kisichopona au sehemu iliyokuwa ngumu, kwa kuwa kwa wachache, chini ya 5 kati ya 100, ugonjwa huu huzaa saratani.

Dawa ni malhamu ya klobetasoli ya asilimia 0.05: kila usiku mwezi wa kwanza, usiku mmoja napaka, mmoja naruka, mwezi wa pili, mara mbili kwa wiki mwezi wa tatu. Tyubu ya gramu 30 hutosha miezi hiyo yote, kwa hiyo ni kidogo sana kila mara. Kijikaratasi cha ndani kilikataza kuipaka sehemu za siri. Nikaogopa, nikaiacha wiki nzima. Tena ni dawa ileile wengine wanayojichubulia uso, basi binti yangu alipoiona akanitazama vibaya! Daktari alinihakikishia kwamba kwa ugonjwa huu ndipo mahali pake hasa.

Sabuni nimeacha. Maji matupu, kisha mafuta ya mgando. Usingizi ulirudi wiki ya tatu. Midomo iliyonywea haikurudi.

Wifi yangu wa Siaya ameomba nimgawie malhamu. Nimekataa, tatizo lake silijui. Atakuja Jumanne, siku yangu ya kuonwa, tuingie wote.