Usisaini kabla mfupa haujasema

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilimsomea baba yako kwa sauti. Unauliza umjibuje mkweo, ambaye amekaa na mwenye Hiace iliyokugonga ikakuvunja mguu pale Sakina, wakakubaliana upokee shilingi laki nane na usaini, ili mambo yaishe kifamilia nawe usionekane mkaidi. Heshima ya ukweni unaijua kuliko mimi, maana ndiko unakoishi. Mimi nitakueleza habari ya kusaini.

Unajua kwamba mkono wa kulia wa baba yako haunyooki, lakini siku ya karatasi hatukuwahi kukusimulia. Alipogongwa na pikapu Kiboriloni, siku ya soko, mwaka 1994, mwenye gari alikuja nyumbani siku ya nne akiwa na wazee wawili, kilo mbili za sukari na bahasha. Alilia kweli, sitamsingizia. Baba yako alisaini kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa kwenye plasta, na jina lake likapinda likashuka nje ya mstari, chini ya maneno "sina madai mengine yoyote". Mimi ndiye niliyewamiminia chai. Miezi mitano baadaye daktari alisema mfupa haukuunga na upasuaji unahitajika, tukamuuza mtamba tuliyemtunza kwa ajili ya ada; na tulipomfuata yule bwana, aliikunjua ile karatasi polepole, akatuonyesha saini.

Mfupa una kalenda yake, mwanangu. Usisaini kabla haujasema.

Tena mkweo hawezi kukusainia, wala mumeo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali, kuingia mkataba na kufungua shauri. Mguu ni wako na madai ni yako. Kesi ya trafiki inayomkabili dereva ni ya Jamhuri, na akitozwa faini, fedha hiyo haiji kwako. Dai lako la fidia linajitegemea, na sheria ya ukomo, ile inayoweka mwisho wa muda wa kufungua shauri, inakupa miaka 3 tangu siku ya ajali, kwa hiyo wanaokuharakisha katika wiki ya tatu wana haraka yao wenyewe. Bima ya mtu wa tatu, ile inayomlipa aliyeumizwa na gari, ni lazima kwa gari kama hilo barabarani, basi ulizia kampuni ya bima ya Hiace ile kabla hujauliza bahasha ina kiasi gani. Tunza nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, picha za eksirei na risiti zote, hata za bajaji ya kwenda kliniki.

Najua kesi huchukua muda, na laki nane ni dawa za leo. Mapatano si dhambi. Madai mengi ya bima nayo huishia kwenye mapatano. Baba yako mpaka leo anasema alinunua amani na jirani. Lakini amani hiyo mimi ndiye ninayeifunga vifungo vya shati kila Jumapili kabla ya ibada, na sijaizoea.

Uamuzi ni wako, nami nimejizuia kuutamka tangu mstari wa kwanza, ingawa unaniwasha. Muulize daktari ni lini atakuwa na hakika kwamba mguu umeunga, akuandikie. Nitakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Kama wageni wa mkweo watafika siku hiyo, chai atamimina mtu mwingine.

Mama yako