Maswali ya Wasomaji: Unguja Mjini kwa Fedha Kidogo

Mhariri, mimi na mke wangu tunataka kwenda Zanzibar siku tatu. Kila tunayemuuliza anatutisha kwa gharama. Tuanzie wapi? – Msomaji, Morogoro

Anzieni na vitambulisho. Kwenye boti za Dar es Salaam mkaazi hulipa nauli ya chini kuliko mgeni, na kinachothibitisha ukaazi ni kitambulisho, si Kiswahili chako. Tiketi kateni ofisini au mtandaoni. Wale wanaowadaka nje ya geti la bandari huongeza chao juu ya nauli, na jina lisipolingana na kitambulisho mtabishana mlangoni huku boti inaondoka.

Boti ya mwendo kasi hutumia karibu saa mbili. Treni ya SGR ya asubuhi itawafikisha Dar mkawahi boti ya mchana, hivyo hamna haja ya kulipia usiku mmoja mjini. Mkisafiri kati ya Juni na Septemba, kusi huvuma na bahari huchafuka: kaeni sitaha ya chini, katikati kuelekea nyuma, maana pua ndiyo inayopanda na kushuka zaidi.

Malazi ya Shangani na Forodhani ni ghali kwa sababu ya bahari mbele. Malindi na Mkunazini ni nafuu zaidi, na mkivuka Darajani kuingia Ng'ambo, Mlandege au Kikwajuni, bei hushuka tena, na Mji Mkongwe mtaufikia kwa miguu. Kabla ya kukubali chumba ulizeni mambo mawili: kodi imo ndani ya bei? Chai ya asubuhi je? Bebeni pia cheti cha ndoa, kwani huenda mkaulizwa. Masika, Machi hadi Mei, wageni ni wachache na bei ya chumba huzungumzika.

Chakula cha usiku Forodhani ni bei rahisi kweli? – Msomaji, Tanga

Urojo, ndiyo. Mishikaki ya kamba na pweza iliyopangwa mezani, hapana. Hapo kila kijiti kina bei yake na hesabu hutajwa ukishakula. Uliza bei ya kimoja kimoja kabla hakijawekwa motoni, na mkumbushe mpishi akupashie mpaka ndani, kwa sababu vingine vimeshachomwa mapema na vinasubiri mteja tu. Mlo wa kushiba, wali na samaki wa nazi, uleni mchana kwenye hoteli za Mkunazini na Darajani wanakokula wenyeji. Mwezi wa Ramadhani nyingi hufungwa mpaka magharibi, na kula barabarani mchana ni kuwakosea watu adabu.

Nataka kuogelea Jambiani na kurudi mjini siku hiyohiyo kwa daladala. Inawezekana? – Msomaji, Mombasa

Inawezekana, ila tazama mwezi kabla ya kutazama saa. Pwani ya mashariki maji yakipwa huenda mbali sana, ukabaki na mchanga, mwani na urchini, viumbe wa baharini wenye miiba (vaa viatu!). Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua: maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 alasiri. Yaani bahari inakuja ndipo daladala za kurudi zinapoanza kuisha. Chagua siku ambazo mwezi ni nusu, maji yajae asubuhi.

Gari ya Jambiani ni namba 309 na hupitia Paje. Hujaza ndipo iondoke, kwa hiyo tenga saa mbili za kwenda. Ukishuka tu, muulize kondakta ya mwisho kurudi inapita saa ngapi. Usipotaka mahesabu ya maji, panda 116 hadi Nungwi. Kule bahari haikimbii hivyo. Na ukitua kwa ndege, 505 inatoka uwanjani hadi mjini kwa sehemu ndogo sana ya bei ya teksi.

Wewe unayetoka Kenya beba kadi ya homa ya manjano. Chanjo huhesabiwa halali siku 10 baada ya kuchomwa, hivyo usiichome wiki ya safari.

Mashua ya kwenda kisiwa cha Changuu hulipwaje? – Msomaji, Dodoma

Mashua hukodishwa nzima. Papasi (dalali wa wageni) wa Forodhani atakutajia bei kwa kichwa, nawe umuulize bei ya chombo, kisha mgawane watu watano au sita. Kiingilio cha kisiwani, kwenye kobe wakubwa walioletwa kutoka Shelisheli, ni malipo mengine. Nendeni asubuhi kabla upepo haujashika, mhakikishe majaketi ya kuokolea yanatosha idadi yenu, mpatane saa ya kurudi, na fedha mmalize kutoa mkisharudi ufukweni.