Pine Grove Furnace kwa siku moja na watoto

Siku moja inatosha Pine Grove Furnace, hifadhi ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, hata ukiwa na watoto, ila fikeni asubuhi. Anzeni na kupanda Pole Steeple, mwamba wa kutazamia mandhari, kabla jua halijawa kali: njia ni kama kilomita 1.2 tu kwenda, lakini inapanda sana, na juu ni jabali lisilo na uzio. Watoto washikwe mkono. Kisha nendeni kwenye tanuru la chuma lililoanza 1764, likichoma mkaa wa msitu huohuo.

Ziwa Fuller lilikuwa shimo la machimbo ya chuma, likajaa maji ya ardhini. Ndiyo maana lina kina kirefu na baridi hata kiangazi. Asiyejua kuogelea vizuri asivuke maboya. Baiskeli pitisheni njia ya reli ya zamani hadi Ziwa Laurel, tambarare kabisa. Kiingilio hakuna.