Feni za kompyuta uliyojiundia zinapiga kelele

Pole sana kaka. Umesema kompyuta uliyoiunda mwenyewe inavuma kama jenereta tangu unapoiwasha, hata hujafungua programu yoyote, na joto la prosesa ni digrii 38 tu. Basi shida si joto. Feni zinakimbizwa bila sababu.

Angalia plagi za feni za kesi. Ukikuta matundu matatu badala ya manne, ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio unaoufungua kompyuta inapoanza kuwaka), tafuta sehemu ya feni, ubadilishe PWM (kuongoza mwendo kwa amri inayopita waya wa nne) iwe DC (kuongoza mwendo kwa kupunguza volti). Feni ya matundu matatu haina waya wa kupokea amri ya PWM, kwa hiyo inapewa volti 12 zote na kukimbia mwendo wa mwisho muda wote. Hili lilinitesa wiki mbili nzima, nikanunua hadi feni mpya, kumbe dawa ilikuwa ni kubadilisha mstari mmoja.

Kama bado unasikia mkwaruzo, fungua ubavu wa kesi, iwashe, kisha gusa taratibu kwa kidole katikati ya feni, pale penye stika, moja baada ya nyingine. Kelele ikikatika, umempata mkorofi. Mara nyingi ni waya unaogusa mapanga, au beringi imekwisha. Ikiwa ni beringi, nunua feni nyingine.

Vumbi lipulize kwa blowa ukiwa umechomoa umeme, na ushike mapanga yasizunguke. Ila boksi la paua saplai, lile linalogawa umeme ndani ya kompyuta, usilifungue kabisa, tafadhali: kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.