Kabla Kamati Yenu Haijachimba Kisima Kipya Mombasa

Kamati ya maji ya mtaa au ya msikiti ikikutana Mombasa mwezi wa Februari, mifereji ikiwa imekauka na mtungi wa lita 20 umepanda bei, hoja ya kwanza huwa ni kuchimba kisima. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo Kisauni na Likoni kwa miaka kadhaa, na ushauri wangu haujabadilika: amueni kwanza mnatafuta maji ya kazi gani. Maji ya kunywa na kupikia, maji ya kuogea na kufulia, na maji ya chooni si lazima yatoke mahali pamoja. Kamati ikikubaliana juu ya jambo hilo, mahitaji yake ya maji matamu hupungua sana kabla hata ya kumwita fundi.

Sisemi hivyo kwa kudharau miradi mikubwa. Maji yetu ya mfereji hutoka mbali: mvua inayonyesha juu ya milima ya Chyulu hupenya katika mawe ya volkano na kutokeza kwenye chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, kisha husafiri zaidi ya kilomita 200 katika bomba lililolazwa miaka ya 1950. Mengine huvutwa kwa pampu kutoka visima vya Baricho, kandokando ya Mto Sabaki, na mengine hutoka Tiwi na Marere katika Kaunti ya Kwale. Vyanzo hivyo vyote viko nje ya Kaunti ya Mombasa, ambayo sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu wakazi wake kuwa 1,208,333, na vyote vina majirani wenye kiu yao wenyewe. Mvua zilipokosekana msimu baada ya msimu tangu mwishoni mwa 2020, watu wa Kinango, huko Kwale, na Ganze, huko Kilifi, walikuwa wakichota kwenye silanga (mabwawa madogo ya kukinga mvua) zilizokuwa zimebaki tope, huku mabomba ya kuelekea mjini yakipita katika nchi hiyo hiyo kavu. Bwawa la Mwache, linalojengwa Kinango, limekusudiwa kutoa takriban mita za ujazo 186,000 kwa siku, nami naliunga mkono, mradi mashamba yaliyo juu yake yahifadhiwe ili udongo usilijaze. Hata hivyo, kamati ya mtaa haiwezi kuandika bajeti ya mwaka huu kwa maji ya bwawa ambalo halijakamilika.

Chanzo kilicho karibu zaidi ni paa. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka wa kawaida, nyingi zikinyesha wakati wa masika kati ya Aprili na Juni, na nyingine wakati wa vuli. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo hesabu haihitaji mhandisi. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 10 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, inahitaji lita 6,000 ili kuvuka siku 100 za kiangazi. Paa la mabati la mita za mraba 60, hata likipoteza sehemu ya tano ya maji yake, hujaza tangi la kiasi hicho kwa milimita 125 za mvua, na mwezi wa Mei peke yake kwa kawaida huleta zaidi ya hapo. Paa la makuti halifai kwa kazi hii, kwa kuwa maji yake hutoka na rangi na takataka. Maji ya mwanzo ya kila mvua yamwagwe, kwa sababu ndiyo yanayobeba vumbi na kinyesi cha kunguru (na kunguru hatujapungukiwa), tangi lifunikwe ili mbu wasizaane, na maji ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe. Gharama kubwa ni tangi lenyewe, ndiyo maana nashauri majirani wanunue kwa mchezo wa zamu, kama wanavyonunua vyombo vya nyumbani.

Kisima kinataka hadhari kubwa zaidi. Upande wa mashariki wa mji, kuanzia Nyali hadi Bamburi na sehemu kubwa ya kisiwa, tumejenga juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu mengi. Mvua inayopenya humo hukaa juu ya maji ya bahari kama mafuta ya nazi juu ya mchuzi, ijapokuwa mpaka wake si mkali namna hiyo. Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba mkivuta kwa nguvu hadi maji yakashuka nusu mita tu, chumvi inaweza hatimaye kupanda mita 20 kutoka chini. Fundi anayewaambia kwamba mkichimba zaidi mtapata maji matamu zaidi huenda anasema kweli ikiwa mko bara. Hapa pwani mara nyingi anawapeleka baharini. Chimbeni kisima kifupi kuliko kirefu, tumieni pampu ndogo, na vuteni kwa saa chache zenye mapumziko katikati. Upande wa Changamwe na Mikindani hali ni tofauti, kwani miamba ya huko haipitishi maji vizuri, na machache yanayopatikana mara nyingi yana chumvi.

Msikubali kipimo kimoja cha chumvi kilichofanywa siku ambayo kisima kimekamilika. Visima vilivyo karibu na bahari hufuata maji kujaa na kupwa, kwa hiyo pimeni wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kisha mwishoni mwa kiangazi na tena baada ya masika. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yenye zaidi ya miligramu 1,000 za chumvi na madini kwa lita huanza kuwa magumu kunyweka. Hayo bado yanafaa kwa choo na kwa kuosha sakafu. Pimeni pia vijidudu na nitrati. Matundu yale yale yanayopitisha mvua hupitisha maji ya vyoo vya shimo, na katika matumbawe umbali wa mita 30 kati ya kisima na choo unaotajwa mara kwa mara hauwapi hakikisho lolote. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi nitrati, na nitrati ni hatari kwa watoto wachanga wanaopewa maziwa ya chupa.

Kuhusu kuondoa chumvi katika maji ya bahari, naona watu hulitaja kwa wepesi mno. Mitambo mizuri ya leo hutumia takriban yuniti tatu hadi nne za umeme kwa kila lita 1,000. Kwa mtungi mmoja si kitu, lakini mtambo wa kutoa mita za ujazo 100,000 kwa siku ungehitaji yuniti 300,000 au zaidi kila siku, na bili hiyo humfikia mtumiaji. Aidha, mkichukua lita 100 za maji ya bahari na kupata 40 matamu, lita 60 zinazobaki zina gramu 58 hivi za chumvi kwa lita badala ya 35, na lazima zimwagwe mahali ambapo hazitaua matumbawe wala samaki. Mashine ndogo ya kuchuja maji ya kisima chenye chumvi kiasi hutumia umeme pungufu kuliko mitambo hiyo, na nimeona ikisaidia. Swali langu kwa anayeiuza ni lile lile: maji ya chumvi yaliyobaki yataenda wapi? Akijibu kwamba yatarudishwa shimoni, muageni aende zake.

Misikiti ina chanzo ambacho ni rahisi kuliko vyote hivi, nacho ni maji ya udhu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wetu, maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu ni tohara, yaani ni safi yenyewe, ingawa hayatoharishi, yaani hayafai kutawadhia tena, basi hakuna pingamizi la kuyakusanya kwa ajili ya kumwagia miti au kusukumia vyoo. Yanahitaji bomba lake peke yake, lisilokutana na la kunywa, na tangi la kumwagwa mara kwa mara kwa sababu hunuka haraka.

Mkiamua kuchimba hata baada ya haya yote, tafuteni kwanza kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa mujibu wa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, na ripoti ya mtaalamu aliyepima ardhi yenyewe badala ya kunakili ya jirani. Fungeni mita, wekeni daftari la kuandikia saa za kuvuta na kipimo cha chumvi cha kila wiki, na mkubaliane mapema kiwango ambacho kikifikiwa pampu itazimwa. Msimamizi apewe idhini ya kuizima bila kungoja kikao, na idhini hiyo iandikwe katika kumbukumbu za kamati, kwa sababu siku atakayoizima itakuwa ni siku ya jua kali na kila mtu atakuwa na ndoo mkononi.