Takrolimasi na mwanga wa mashine: je, vinapatana?

SWALI: Daktari, nina mabaka ya vitiligo (ugonjwa wa ngozi kupoteza rangi) usoni na kwenye vidole. Daktari wa ngozi amenipa marhamu ya takrolimasi ya asilimia 0.1, nipake asubuhi na jioni, na amenipangia mwanga wa mashine mara tatu kwa wiki. Lakini karatasi iliyo ndani ya pakiti inasema nijiepushe na mwanga wa aina hiyo. Nimsikilize nani? Na kwa kuwa nauli ya kuja mjini inanimaliza, siwezi kuota jua tu hapa Kayole?

JIBU: Dada yangu, mfuate daktari wako, ila karatasi usiitupe. Dawa hiyo ilisajiliwa kwa ajili ya ekzema, na onyo liliwekwa kwa hofu ya saratani ya ngozi. Madaktari wanaoichanganya na mwanga wanalijua onyo hilo. Wanafanya hivyo kwa sababu viwili pamoja hurudisha rangi vizuri kuliko kimoja, hasa usoni. Dawa hutuliza kinga ya mwili inayozishambulia seli za rangi, na mwanga huziamsha zile zilizosalia kwenye mashina ya vinyweleo. Ndiyo maana rangi huanza kurudi kama vitone vidogo. Vidole, kwa uchache wa vinyweleo vyake, ni vikaidi. Uso upe miezi mitatu hadi sita, vidole sikuahidi.

Angalia sana saa ya kupaka. Usiingie kwenye mashine ukiwa na marhamu, maana mafuta yake hubadilisha kiasi cha mwanga kinachofika kwenye ngozi. Siku ya mwanga, ahirisha ya asubuhi hadi umalize. Marhamu itakuwasha ngozi siku za mwanzo, kisha hutulia. (Na ukinywa bia uso ukaiva wekundu, usitishike, ni dawa hiyo.)

Baka likiwa la waridi na kutulia kufikia kesho yake, kipimo kiko sawa. Wekundu ukipita saa 24, au malengelenge yakitokea, mwambie mhudumu kabla hajawasha mashine tena. Miwani ya kinga usiivue.

Jua la Kayole silitaki. Mashine hutoa mwanga wa nanomita 311 hivi, kwa kipimo kinachopandishwa kidogo kidogo. Jua halina wa kulipimia, na Nairobi iko karibu na ikweta, mita 1,700 na ushei juu ya bahari, hivyo hukuunguza hata siku ya baridi. Baka huungua upesi, na ngozi iliyoungua inaweza kuzaa baka jipya. Tena ngozi ya pembeni huzidi kuwa nyeusi, mabaka yakaonekana zaidi.

Kuhusu nauli, muombe daktari akupangie mara mbili kwa wiki, siku zisizofuatana. Rangi itarudi polepole zaidi, lakini ni bora kuliko kuanza na mara tatu ukakatiza mwezi wa pili.